Mashini ilikuja mbele, maji yakafuata nyuma



Mashini mpya ikifika kazini, watu wote wanaizunguka na maulizo yao. Shefu anauliza: itatoboa mita ngapi kwa posti moja? Mtu wa biro anauliza: bei yake ni gani? Fundi anauliza: vipuri vyake vitatoka wapi? Maulizo haya yote ni mazuri. Lakini ukurasa huu wa usalama na afya una ulizo la nne: mashini hii inatia nini katika hewa tunayovuta, na nani atalipa bei ya kitu hicho?

Ili kuelewa ulizo hilo, leo tutazungumza juu ya chombo kimoja ambacho watu wa migodi wanakijua vizuri: mashini ya kutoboa jiwe. Historia yake inaonyesha namna ufundi mpya unavyoenea kutoka nchi moja hadi nyingine, namna unavyopandisha kazi, na sababu gani faida yake inaweza kupotea njiani.

WAKATI WA NYUNDO NA MKONO

Zamani tundu la baruti lilitobolewa kwa mkono. Mtu mmoja alishika fimbo ya chuma na kuizungusha kidogo kidogo, mwenzake aliipiga kwa nyundo. Kazi ya siku nzima ilitoa matundu machache tu. Vumbi lilikuwako, lakini lilikuwa dogo, kwa sababu nyundo ya mkono haisagi jiwe mbio.

Mwaka 1857 watu walianza kutoboa njia ya treni chini ya milima ya Alpes, kati ya Ufaransa na Italia. Njia hiyo ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 12. Kwa nyundo na mkono, walikadiria kwamba ingeomba kama miaka 25. Injinieri Germain Sommeiller akaleta mashini zinazosukumwa na hewa ya kompreseri. Zilianza kazi ndani ya mlima mwaka 1861. Kufika Disemba 1870 pande mbili zilikutana. Kazi ya miaka 25 ilimalizika kwa miaka 13.

Angalia vizuri jambo hili: hewa iliyotoka katika mashini zile ilisaidia pia watu kupumua kule ndani. Kwa hiyo wengi waliona kwamba mashini ya hewa ni rafiki wa mfanyakazi kwa kila upande. Nyuma ya miaka michache tu, Alfred Nobel alipata hati ya dinamiti, mwaka 1867. Mashini ya kutoboa na dinamiti zilikwenda pamoja kama mke na mume: moja inafanya tundu, ya pili inavunja jiwe.

NANI ANAPELEKA UFUNDI MPYA?

Watu wengine wanafikiri kwamba mashini ikionyeshwa mahali pamoja, basi dunia nzima itaifuata mwaka ule ule. Haiko hivyo. Ufundi mpya unatembea kwa miguu ya watu. Unahitaji mtu anayejua kuutumia, fundi anayejua kuutengeneza, na tajiri anayeona kwamba atapata faida.

Mashini ya kutoboa ilikuta vitu hivi vitatu katika migodi ya zahabu karibu na Johannesburg, iliyofunguliwa mwaka 1886. Zahabu ya kule ilikuwa kidogo sana katika kila tani ya jiwe, tena ilishuka chini kabisa. Hakuna faida kama hauvunji jiwe jingi kila siku. Kwa hiyo mashini zililetwa nyingi. Na mafundi wengi wa kuziendesha walitoka Cornwall, huko Uingereza, nchi ya migodi ya zamani ya bati na shaba. Watu hao walikwenda Afrika ya Kusini, wakafanya kazi miaka michache, wakarudi kwao, wengine wakaenda Marekani. Pamoja nao mashini ilienea.

Uzalishaji ulipanda. Lakini mashini zile zilitoboa kavu, bila maji. Na jiwe la Johannesburg limejaa silisi.

HESABU AMBAYO HAIKUANDIKWA KATIKA KITABU CHA KAMPANI

Vita vya Waingereza na Makaburu vilianza mwaka 1899, na migodi mingi ikafungwa. Vilipokwisha mwaka 1902, wakubwa wa migodi walitafuta watu wao wa zamani wa mashini. Serikali ikafanya hesabu. Kabla ya vita watu wa mashini walikuwa 1.377. Kati yao 225 walikuwa wamekufa katika muda wa miaka miwili na kidogo. Hawakuuawa na risasi. Wengi walikufa na kifua.

Tume ya uchunguzi iliundwa mwaka ule ule wa 1902. Kule Cornwall, uchunguzi uliotolewa mwaka 1904 ulionyesha jambo lile lile: watu wa mashini, na zaidi wale waliorudi kutoka Afrika ya Kusini, walikuwa wanakufa wakiwa vijana, wengi hawakufika miaka 40. Ufundi na ugonjwa vilisafiri katika meli moja.

Ndugu msomaji, ujue tena hili: hesabu ile ya 1.377 ni ya wazungu. Wafanyakazi Waafrika walikuwa wengi zaidi katika vumbi lile lile, lakini waliougua walirudishwa vijijini kwao, na vifo vyao havikuandikwa vizuri. Familia zao ndizo zilizolipa, bila kuhesabiwa.

VUMBI HILO LINAFANYA NINI NDANI YA KIFUA?

Vumbi unaloliona kwa macho halina hatari kubwa kama lile usiloliona. Vumbi kubwa linashikwa katika pua na koo, unalitema au unapiga chafya. Vumbi baya ni lile dogo kabisa, lenye upana wa mikroni 5 au chini yake. Mikroni moja ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Unywele wa kichwa una kama mikroni 70. Basi vumbi hilo ni dogo kupita unywele zaidi ya mara kumi, na linaweza kuelea hewani kwa masaa mengi nyuma ya mashini kunyamaza.

Likifika chini kabisa ya mapafu, askari wa mwili, ni kusema chembe zinazosafisha mapafu, wanajaribu kulimeza. Silisi inawaua. Wengine wanakuja, nao wanauawa. Mahali pa vita hivyo panabaki kovu. Kovu halivutiki, halipitishi hewa. Makovu yakiwa mengi, pafu linakuwa gumu kama ngozi kavu ya ngoma. Huo ndio ugonjwa wa silikoze.

Mara nyingi inachukua miaka 10 hadi 20 mbele ya mtu kusikia kitu. Mahali penye vumbi kali sana inaweza kuwa miaka 5, hata chini yake. Kwanza mtu anachoka akipanda ngazi. Kisha kikohozi kikavu. Kisha hawezi tena kubeba gunia. Makovu hayarudi nyuma, na hakuna dawa ya kuyaondoa. Tena kifua chenye silisi kinafungua mlango kwa TBC. Na tangu mwaka 1997 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa limeandika vumbi la silisi katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa ya mapafu.

MAJI YANAFIKA

Mwisho wa karne ya 19, huko Denver, Marekani, fundi mmoja aliyeitwa John George Leyner alitengeneza mashini nyepesi zaidi. Fimbo yake ya chuma ilikuwa na tundu katikati, kama mwanzi. Kwanza alipitisha hewa katika tundu lile ili kusukuma unga wa jiwe nje. Unga ulitoka kweli, lakini uliruka moja kwa moja katika uso wa mfanyakazi. Watu wa migodi wakaikataa mashini ile. Ndipo Leyner akarudi katika karakana yake na kupitisha maji pamoja na hewa.

Hapa tusimame kidogo. Wengine wanasema kwamba mfanyakazi anayelalamika juu ya mashini mpya ni adui wa maendeleo. Mashini ya Leyner inatuonyesha namna nyingine. Wale waliokataa ndio waliosaidia kuimaliza. Mvumbuzi alijua chuma. Wao walijua vumbi. Katika miaka ya 1910 kampani kubwa ya Ingersoll-Rand ilinunua haki ya mashini ile, na ufundi wake ukaenea.

Tena maji hayakuja kwa afya tu. Yanasafisha tundu, ili chuma kipige jiwe lenyewe na si unga wake. Yanapoza ncha ya chuma, nayo inadumu. Mashini yenye maji inatoboa vizuri. Basi sababu gani haikuenea mbio?

Sababu ya kwanza: maji yanaomba mabomba mpaka mwisho wa mgodi, na pampu, na mtu wa kuyatunza. Kampani ilipaswa kulipa leo, lakini faida ya mapafu ingeonekana nyuma ya miaka 15.

Sababu ya pili: mfanyakazi analowa. Mahali penye baridi anatetemeka, na matope yanamwangukia.

Sababu ya tatu: malipo. Mtu akilipwa kwa hesabu ya mita tu, na bomba likiziba, atafunga maji na kuendelea kavu. Anaogopa kupoteza franga za leo.

Sababu ya nne ndiyo kubwa: ugonjwa haukuwa na mstari wake katika kitabu cha hesabu. Afrika ya Kusini ilianza kutoa sheria za malipo kwa wagonjwa wa vumbi mwaka 1911. Tangu hapo vumbi likawa deni, na wakubwa wakaanza kulipima. Lakini Mwafrika alipewa malipo madogo sana kuliko mzungu, na kwa upande wake deni lilibaki jepesi.

Mfano mchungu zaidi ni wa Hawks Nest, katika West Virginia, Marekani. Mwaka 1930 na 1931 watu walitoboa njia ya maji ya umeme chini ya mlima wenye silisi nyingi. Wengi wao walikuwa watu weusi waliotoka mbali kutafuta kazi. Wakati ule ufundi wa maji ulikuwa umekwisha kujulikana kwa miaka 30. Mwaka 1930 huo huo wajuzi wa nchi mbalimbali walikutana Johannesburg kuzungumza juu ya silikoze. Na hata hivyo, mashahidi walieleza mbele ya wabunge wa Marekani mwaka 1936 kwamba kule Hawks Nest walitoboa kavu ili kwenda mbio. Wabunge walisikia hesabu ya vifo 476. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1986 ulikadiria 764.

Kujua dawa na kuimeza ni mambo mawili. Ufundi unaweza kuwako katika duka, katika kitabu, hata katika mgodi wa jirani, na bado usifike mkononi mwa mtu.

TUPIGE HESABU PAMOJA

Watu wanapenda kusema: "Usalama unachelewesha kazi." Chukua karatasi na kalamu.

Tuseme Petro anatoboa kavu, matundu 20 kwa siku. Tuseme Yoani anatoboa na maji. Kila asubuhi anapoteza wakati wa kuunganisha bomba na kulipima, kwa hiyo anatoboa matundu 18. Mwaka una siku 250 za kazi. Petro anafanya matundu 5.000, Yoani 4.500. Mwisho wa mwaka Petro anasifiwa.

Lakini nyuma ya miaka 8 kifua cha Petro kimekwisha. Jumla yake: matundu 40.000. Yoani anafanya kazi miaka 25 na kwenda pansheni kwa miguu yake. Jumla yake: matundu 112.500. Juu ya hayo, kampani ilipaswa kutafuta mtu wa kuchukua nafasi ya Petro, kumfundisha, na kuvumilia makosa yake ya mwanzo. Hospitali ilipokea mgonjwa. Bibi yake alianza kuuza mboga sokoni, na mtoto mkubwa aliacha masomo.

Huu ni mfano tu, lakini unaonyesha jambo la kweli. Ukipima kazi kwa siku moja, vumbi linaonekana kama faida. Ukiipima kwa maisha ya mtu, linaonekana sura yake.

MASHINI ZA NYUMA YAKE

Ufundi haukusimama. Katika miaka ya 1940 ncha za chuma kigumu sana zilianza kuenea, na watu wa Sweden waliziunganisha na mashini nyepesi inayosimama juu ya mguu wa hewa. Mbele yake fimbo zilipaswa kubebwa kila mara kwa mhunzi ili zinolewe. Sasa mtu mmoja aliweza kuendesha mashini mmoja peke yake. Tangu miaka ya 1970 zilikuja mashini zinazosukumwa na mafuta badala ya hewa. Zinatumia nguvu kidogo zaidi, na mwendeshaji anaweza kukaa mbali na jiwe, hata ndani ya kabini.

Kila moja ilileta faida yake na shida yake: kelele inayoua masikio, mtetemo unaofanya vidole kuwa vyeupe na kufa ganzi, moshi wa mazuti wa magari ya chini. Moshi huo nao uliandikwa katika orodha ya vitu vya kansa mwaka 2012. Mgodi wa Kipushi ulisimama mwaka 1993 na kuanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Katika miaka hiyo 31 ufundi wa kuchimba ulibadilika sana duniani. Jiwe halikubadilika, wala mapafu ya mtu.

WEWE UFANYE NINI?

1. Maji kwanza, kisha tundu. Fungua maji mbele ya kuanza kupiga. Sentimita za kwanza za tundu ndizo zinazorusha vumbi karibu kabisa na uso wako.

2. Maji yakikatika, simama. Usiseme "nimalize hili moja tu." Ita kapita. Angalia kama tundu la fimbo limeziba.

3. Kibomba kidogo cha ndani kinachopeleka maji kikichakaa, kibadilishwe. Kikipasuka, hewa inaingia katika maji, na vumbi linatoka kavu ndani ya mapovu. Utaona maji, na huku unavuta vumbi.

4. Nyuma ya baruti, ngoja hewa isafishwe. Mwagia mawe maji mbele ya kuyapakia.

5. Usipulize nguo wala mwili kwa hewa ya kompreseri. Tumia maji au kitambaa kilicholowa.

6. Vaa maski yako, ishike uso vizuri. Ndevu zinaipitisha hewa pembeni. Lakini maski ni msaidizi. Haichukui nafasi ya maji na ya hewa safi. Maji yakitumiwa vizuri yanapunguza zaidi ya sehemu 8 kwa 10 za vumbi la kutoboa. Vumbi dogo linalobaki linaondolewa na hewa ya vantilateri.

7. Acha nguo za kazi kazini. Ukizipeleka nyumbani, bibi atazikung'uta, na watoto watavuta vumbi hilo.

8. Usikose radio ya mapafu siku jina lako linapoitwa. Ukikohoa majuma mawili au zaidi, ukikonda, ukitoka jasho usiku, kuja upimwe makohozi. TBC ina dawa na inapona. Na uache sigara: pafu lenye vumbi halina nafasi ya moshi.

Kwa kapita na mashefu tunaongeza neno moja. Kama bonasi inahesabiwa kwa mita tu, mnamwambia mtu bila kutoa sauti afunge maji. Hesabuni tundu lililotobolewa na maji. La kavu msilihesabu. Na mtu anayesimamisha mashini juu ya maji kukosekana asihesabiwe kuwa mvivu.

KWA NDUGU ZETU WANAOCHIMBA KWA MKONO

Wengi wetu tuna kaka, mtoto au shemeji anayechimba kwa mkono upande wa Kolwezi au Likasi. Wengine wanatumia nyundo na patasi, wengine mashini ndogo za umeme, ndani ya shimo lisilo na hewa. Ufundi wa mashini umewafikia. Ufundi wa maji bado kwa wengi. Mweleze ndugu yako yale uliyoyasoma hapa. Asipeleke maji karibu na mashini ya umeme, kwa maana yatamuua kwa njia nyingine. Lakini aloweshe mawe na udongo mbele ya kupiga, kusaga na kupepeta. Asilale shimoni. Na akikohoa, aende dispensari yoyote iliyo karibu naye, na amwambie mganga waziwazi kwamba anafanya kazi katika vumbi la jiwe.

Mashini ya kutoboa ilienea kwa sababu mtu mmoja alimwonyesha mwenzake namna ya kuishika. Maji nayo yanaenea kwa njia hiyo hiyo. Kesho mwanzoni mwa posti, mbele ya kufungua hewa, angalia bomba lako, kisha angalia la jirani yako.